Makabati ya jikoni yasubiri kwanza

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeupata, na picha nimezitazama. Umeuliza kama umpe seremala malipo ya awali ya makabati wiki hii, maana anasema vipimo ameshachukua na mafundi wengine watamfuata yeye. Usimpe bado. Amepima kuta ambazo zitachimbwa kupitisha bomba na waya, kisha zitapigwa lipu. Lipu mpya juu ya ya zamani hula kama sentimita 1.5 kila upande, na vigae vya sakafu pamoja na gundi yake huinuka kama sentimita 2. Kaunta yako inakaa katikati ya kuta mbili. Kabati litakalotengenezwa leo kwa mita 3.6 litagoma kuingia, fundi atalipunguza ubavuni, na ukingo uliokatwa ukaachwa wazi ndio unaonyonya maji mpaka ubao uvimbe.

Anza na vitu vyenye ukubwa usiobadilika: sinki, jiko la gesi, oveni, friji. Si lazima ununue vyote sasa, ila jua ni aina gani na uandike vipimo vyake. Friji iachie sentimita 5 kila ubavu na 10 juu ili joto litoke. Kisha chora kwa chaki sakafuni. Kaunta ya kawaida ina kina cha sentimita 60. Chumba chako cha jiko kina upana wa mita 2.4, kwa hiyo ukiweka kaunta pande zote mbili, njia inabaki sentimita 120, na hiyo inatosha watu wawili kupishana. Kati ya sinki na moto acha kaunta tupu ya sentimita 90, hapo ndipo utakapokatia mboga. Moto usiwe karibu na dirisha. Upepo huupeperusha, na siku nyingine huuzima gesi ikiwa inaendelea kutoka.

Kuhusu kimo cha kaunta nakuomba usikubali haraka kile cha sentimita 90 kila mahali. Kimo hicho kinafaa kukatia na kuoshea, kwa mtu wa urefu wako. Lakini ukiweka jiko la mezani juu yake, na sufuria juu ya jiko, mdomo wa sufuria unafika kifuani. Ugali husongwa kwa kukandamiza kutoka juu. Mkono ukiwa umeinuka, bega ndilo linalobeba kazi yote. Sehemu ya jiko ishushwe hadi sentimita 75. Simama wima, kunja kiwiko, upime toka kiwiko hadi chini: pa kukatia pawe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko.

Sasa maji, ambayo ndiyo yanayoharibu majiko mengi. Bomba la maji machafu liwe PVC ya inchi 2, lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala sana, mafuta ya kupikia huganda ndani na kuziba. Kwenye kona fundi atumie viungo viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90, na aache kifuniko cha kuzibulia mahali ambapo mkono unafika. Chini ya sinki lazima kuwe na mtego wa maji, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ndani. Usipokuwepo, harufu ya shimo itapanda mpaka ndani ya makabati.

Tenki lako liko juu ya koki kwa kama mita 4. Mita 10 za kimo ndizo zinazotoa presha ya bar 1, kwa hiyo wewe una bar 0.4 tu. Koki nyingi za kuchanganya maji ya moto na baridi zimetengenezwa kwa bar 1 na zaidi. Kwako zitatiririka kama uzi. Muulize muuzaji presha yake kabla hujalipa. Toka tenkini hadi jikoni pita na bomba la PPR (plastiki ya kuchomelea) la milimita 25, lile la 20 liwe la kumalizia tu. Angalia pia uchomeleaji: bomba la milimita 20 huwekwa kwenye mashine ya nyuzi joto 260 kwa sekunde 5. Likizidi, plastiki huyeyuka na kufunga njia ndani, nawe hutaona kitu kwa nje. Kabla ya lipu, fundi ajaze presha kwa pampu ya mkono na mshale ukae palepale saa nzima.

Umeme: birika la wati 2,200 hula karibu ampea 10, oveni ya wati 3,000 ampea 13. Vyote viwili kwenye mstari mmoja wa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye breka ya ampea 20 vinapita kiwango chake, na breka ikianza kukata, fundi mvivu atakushauri uweke breka kubwa zaidi. Kataa, maana waya ndio utakaoungua. Oveni ipewe waya wake toka kwenye boksi la breka, na soketi zote zilindwe na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachokata umeme ukivuja. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji.

Mtungi wa gesi ukae nje, wima, kwenye kivuli, mbali na mlango na angalau mita 2 kutoka kwenye mfereji au gali, lile shimo dogo la nje linalopokea maji machafu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kujikusanya shimoni. Ukutani ipite kwenye bomba la shaba. Mpira usipitishwe ukutani wala nyuma ya droo. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni.

Lipu ikikauka, baada ya wiki 3 au 4, na vigae vya sakafu vikishawekwa, hapo mwite seremala apime upya mbele yako. Chini ya sinki atumie marine board (plaiwudi inayostahimili maji) ya milimita 18, si MDF, ubao wa unga wa mbao. Miguu yote isimame juu ya kizingiti cha zege cha sentimita 10, na ukuta wa nyuma upakwe dawa ya mchwa kwanza. Graniti ipimwe makabati yakiwa yameshafungwa, vigae vya ukutani vije baada ya graniti, na pale vinapokutana pazibwe kwa silikoni, kwa sababu grauti, saruji ya kujazia kati ya vigae, hapo hupasuka.

Mwambie seremala utampigia wewe. Kisha nitumie picha ya gali la nje, futi kamba ikiwa imenyooshwa toka hapo hadi ukuta wa sinki, nikuhesabie mteremko kabla fundi bomba hajaanza Jumatatu.

Mama yako