Maswali na Majibu: Kilomita na Saa za Safari ya Ndege

Kwa nini ndege ya London kwenda Los Angeles inapinda hadi karibu na Greenland badala ya kunyoosha?

Imenyoosha. Kilichopinda ni ramani. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine, na utauona unapita kulekule kaskazini. Kilomita 8,750 hivi unazoonyeshwa mtandaoni zimepimwa kwa njia hiyo.

Nimegawanya kilomita kwa mwendo wa 900 kwa saa nikapata saa moja na robo. Tiketi inasema karibu mbili. Nani anadanganya?

Hakuna. Tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa kule iendako. Humo mna kutambaa ardhini, foleni ya kuruka, kupanda, kushuka, na dakika za akiba ambazo mashirika huongeza ili yasihesabiwe kuwa yamechelewa (ndiyo maana rubani hujisifu mmefika mapema). Mimi hugawanya kwa 850 kisha naongeza nusu saa. Kanuni hii haifai kwa safari fupi mno: Westray hadi Papa Westray, visiwa vya Scotland, ni kilomita 2.7 tu, na ndege humaliza kwa dakika mbili hivi.

London kwenda New York ni saa nane, kurudi ni saba. Umbali si uleule?

Ni uleule, kilomita 5,550 hivi, ila hewa haijatulia. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati mwingine huzidi kilomita 300 kwa saa. Unaokusukuma ukirudi ndio unaokuzuia ukienda. Februari 2020, dhoruba Ciara ikiwa imeutia nguvu mkondo huo, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Ukiipima kwa ardhi ilizidi kilomita 1,200 kwa saa, lakini haikuupita mwendo wa sauti, kwa sababu ndani ya hewa iliyoibeba ilikwenda kwa kasi yake ya kawaida. Basi usiamini kikokotoo cha safari cha mtandaoni kinachotoa muda mmoja kwa kwenda na kurudi.

Kikokotoo kinasema Helsinki hadi Tokyo ni saa tisa na nusu. Mbona tiketi ni 13?

Kikokotoo hakisomi habari. Tangu 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya, kwa hiyo ndege inaizunguka nchi nzima, mara nyingine kwa kupitia Ncha ya Kaskazini.

Naondoka Tokyo Jumatatu saa tatu usiku, nafika Honolulu Jumatatu hiyohiyo saa tatu asubuhi. Wamekosea?

Hawajakosea. Kila saa iliyo kwenye tiketi ni ya mahali husika, na Honolulu iko nyuma ya Tokyo kwa saa 19. Utakaa angani saa saba.