Hao njiwa wenye wekundu machoni si wa kufugwa

Mkuu, umeuliza kama njiwa wakubwa wenye wekundu machoni wanaoshuka kula mtama uani kwako hapo Arusha ni wa mtu, wametoroka bandani. Hapana. Hao ni njiwa madoa, Columba guinea, ndege wa porini na mwenyeji kabisa wa Afrika. Hata kwangu wanakuja, tena mapema kuliko kuku.

Ukubwa na ukijivu usivitegemee, vitakuchanganya. Anza na jicho: limezungukwa na ngozi tupu nyekundu, utadhani amepakwa rangi. Halafu bawa: hudhurungi ya kuiva, na juu yake madoa meupe ya pembetatu. Njiwa manga wa mjini, uzao wa wale waliofugwa, hana ngozi hiyo. Wengi wao wana mistari miwili myeusi bawani na shingo inayometa kijani na zambarau. Wote wawili hupenda kukaa kwenye mapaa, ndiyo maana watu huwaita jina moja.

Wale wadogo wenye utepe mweusi nyuma ya shingo ni tetere. Mwingine hana utepe huo, ila ana vidoa vyeusi mbele ya shingo. Huyo naye ni tetere, yule ambaye mlio wake ni kama kicheko. Ukibahatika atakuja pugi, mdogo, ana vidoa vya kijani vinavyong'aa bawani. Ninga usimsubiri kwenye mtama, yeye ni wa matunda, hasa ya mikuyu.

Mwaga nafaka chini au kwenye ubao mpana, kiasi cha kuisha asubuhi ileile. Ukizidisha, njiwa manga watahamia kwako ukoo mzima, na usiku ni zamu ya panya. Mahindi yenye ukungu usithubutu, sumukuvu inaua ndege pia.

Maji ndiyo watu hupuuza. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa koo huacha vimelea humohumo. Mimi hutumia sufuria ya zamani isiyo na kina, naisugua na kubadilisha maji kila siku. Ukiona mmoja amejikunyata, manyoya yamefura, chakula kinamshinda kumeza, acha kulisha kwa wiki kadhaa ili watawanyike, na vyombo vya kuku wako uviweke mbali kabisa na hapo.