Lainibeka wa chuo anapimwaje kabla ya drafti? Idadi ya aliowaangusha si jibu

Mkuu, umeuliza kwa nini yule lainibeka wa chuo (kwenye futiboli ya Kimarekani, mlinzi anayesimama nyuma ya wale wa mstari wa mbele) aliyeongoza ligi yake kwa kuangusha wapinzani anawekwa na wachambuzi raundi ya tatu ya drafti, pale timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na ukahisi wanamwonea. Kwa maoni yangu hawamwonei. Takwimu uliyoishikilia ndiyo dhaifu kuliko zote katika nafasi ile. Naishi Iowa, nasaidia kufundisha malainibeka wa sekondari hapa, na msimu mzima kazi yangu kubwa ni kukaa na video za mechi, narudisha nyuma, nasogeza mbele, mpaka nijue kijana aliona nini na alikiona saa ngapi. Nitaeleza ninavyowaangalia wale wa chuo.

Tumalizane kwanza na hiyo idadi. Mkimbiaji akiangushwa yadi moja tu mbele ya mstari wa kuanzia mchezo, inaandikwa moja. Akiangushwa baada ya yadi tisa, inaandikwa moja vilevile. Timu yenye ushambuliaji mbovu humwacha mlinzi wake uwanjani karibu mechi nzima, kwa hiyo anaangusha watu wengi na bado wanapigwa. Isitoshe, wanaohesabu ni watu wa uwanja wa nyumbani, na wengine hawana ubahili wa kumwandikia “msaada” wa kuangusha kila aliyefika kwenye rundo. Badala ya kuuliza kaangusha wangapi, uliza kawaangushia wapi.

Sasa njoo kwenye video. Usimfuate mwenye mpira. Mkazie macho lainibeka wako na gadi, mmoja wa watu wazito wa ukuta wa ushambuliaji, aliye mbele yake, halafu simamisha picha pale mpira unapofika mikononi mwa kotabeki, mwongoza ushambuliaji na mrusha pasi. Tazama miguu. Kama gadi anachomoka kupita nyuma ya senta, yule anayeanzisha mpira, ili akafungue njia upande wa pili, lainibeka mzuri utamkuta ameshapiga hatua kuelekea kulekule, mabega bado yako sambamba na mstari. Aliyechelewa utamkuta amesimama wima, visigino chini, anangoja kuona mpira kakabidhiwa nani. Tofauti yao ni kufumba na kufumbua, lakini wa kwanza anamkuta mkimbiaji kwenye pengo, na wa pili anakutana na gadi wa kilo 145 ambaye ameshapata mwendo. Wapo wanaosoma hata kabla mpira haujaanza. Gadi akiwa amezamisha vidole kwenye nyasi, uzito uko mbele, anakuja kukugonga. Vidole vikigusa tu, ana mpango wa kurudi nyuma kulinda pasi au kuchomoka pembeni. Vijana wangu nawafundisha hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Luke Kuechly wa Boston College aliitwa wa 9 na Carolina Panthers mwaka 2012, na msimu wa 2013 akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Mwili alikuwa nao, na yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 4.58, lakini ukirudia mechi zake za chuo utaona mtu ambaye miguu yake ilikuwa inaondoka pamoja na gadi, kana kwamba wamepanga. Huko ndiko idadi yake kubwa ya kuangusha ilikotoka. Kwake takwimu ilikuwa matokeo ya usomaji, ndiyo maana ilihamia naye NFL.

Mlinganishe na Manti Te'o wa Notre Dame, drafti iliyofuata. Msimu wa 2012 alinasa pasi 7, akawa wa pili kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akasifiwa nchi nzima. Fainali ya Januari 2013 wakakutana na Alabama, wakachapwa 42-14. Itafute mechi hiyo uitazame kwa jicho la ukuta wa mbele. Chance Warmack na D.J. Fluker wa ukuta wa Alabama walikuwa wanamfikia, wanamshika kifuani, na akishashikwa hachomoki. Usomaji alikuwa nao. Mikono ya kujinasua dhidi ya watu wa ukubwa ule ndiyo ilikosekana. Kule Indianapolis, kwenye vipimo vya kabla ya drafti, akakimbia yadi 40 kwa 4.82, na akaangukia namba 38. San Diego Chargers waliomchukua walikuwa wameshamchukua Fluker kwa namba 11 kwenye drafti hiyohiyo. Kwa hiyo ukimtathmini kijana wako, zitupe mechi alizocheza na timu ndogo. Chagua tatu ambazo mbele yake kulikuwa na watu wanaoelekea NFL.

Hapa kuna jambo linalowapoteza watazamaji wengi, na ni la kisheria. Chuoni watu wa ukuta wa mbele wanaruhusiwa kusogea mpaka yadi 3 mbele ya mstari huku kotabeki bado ana haki ya kurusha pasi. NFL ni yadi 1 tu. Ndiyo maana vyuo vinapenda mno ile michezo ambayo kotabeki anaamua njiani, akabidhi au arushe. Lainibeka anamsoma gadi, gadi anamwambia “tunakimbia”, anapanda mbele, na mpira unarushwa nyuma ya mgongo wake. Amefanya kila alichofundishwa na bado ameonekana mjinga. Kijana anayesita kwenye michezo ya namna hiyo usimwandikie kwamba ni mzito wa kuona. Itenge kabisa, mpime kwenye mbio za kawaida na kwenye pasi za wazi. Nimeona vijana wazuri wanashushwa kwenye mijadala kwa kosa ambalo nusu yake litabaki chuoni siku wakihama.

Kuna na zile alama za katikati ya uwanja ambako mpira huwekwa. Chuoni zimeachana futi 40, NFL futi 18 na nusu. Chuoni kwa hiyo kuna upande mpana sana, na makocha humpeleka huko lainibeka mwenye mbio akasifiwa kwa kufukuzia watu mpaka kwenye chaki ya pembeni ya uwanja. NFL mpira uko karibu na katikati, pande zinakaribiana, na sifa hiyo inapungua thamani.

Kwenye pasi ndiko pesa zilipo siku hizi. Timu za NFL sehemu kubwa ya mechi zinacheza na mabeki watano wa nyuma, kwa hiyo malainibeka wanaobaki ni wawili, na kila mmoja lazima aweze kukaa na mpokeaji au mkimbiaji aliyetoka kupokea. Angalia ile danganya toto, kotabeki anajifanya anakabidhi kisha anarudi kurusha. Karibu kila lainibeka ataingia hatua moja au mbili, hilo msamehe. Tazama anavyotoka. Je, anageuza kichwa kumtafuta anayekimbilia nyuma yake, au anarudi kinyumenyume macho yameganda kwa kotabeki? Wa namna ya pili atawindwa kila Jumapili. Fred Warner alipokuwa chuo cha BYU alicheza sana pembeni, juu ya wapokeaji wa ndani, hivyo video za kugongana katikati zilikuwa chache na akasubiri mpaka namba 70 mwaka 2018. Waliojiuliza kama anaweza kulinda kwenye nafasi kubwa walikuwa na jibu mbele ya macho yao. San Francisco 49ers walimchukua, na amekuwa kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani wachezaji bora wa ligi wa msimu, 2020, 2022, 2023 na 2024.

Vipimo vya Indianapolis mimi navitumia kuhakikisha tu kile nilichokwisha kukiona. Zile yadi 10 za mwanzo zina maana kuliko 40 nzima, kwa kuwa lainibeka hakimbii moja kwa moja kiasi hicho mara nyingi. Urefu wa mikono nao una maana, kwa sababu ya lile la Te'o. Na faili la daktari linaweza kumshusha mtu bila sisi wa nje kuelewa kisa. Jaylon Smith, naye wa Notre Dame, aliumia goti vibaya siku ya mwaka mpya 2016, akaitwa namba 34 na Dallas Cowboys, na msimu mzima wa kwanza hakucheza.

Ukipata nafasi, nenda uwanjani. Kamera ya televisheni hufuata mpira, kwa hiyo lainibeka anaingia kwenye picha kazi ikiwa imeshaisha. Jack Campbell nilimwangalia kule Kinnick, uwanja wa chuo cha Iowa, nikiwa nimekaa juu, nyuma ya goli, na kilichonivutia kilitokea kabla mpira haujaanza: anaelekeza kwa mkono, anamsogeza mwenzake hatua, anabadilisha, halafu ndipo anatulia. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba Iowa hulinda zaidi kwa eneo, ukabaji wa mtu kwa mtu ni mchache. Detroit Lions walipomwita wa 18 mwaka 2023, kelele zilikuwa nyingi, kwamba nafasi hiyo hailipi raundi ya kwanza. Kwangu mimi kile kichwa kilistahili. NFL mlinzi mmoja tu ndiye huvaa redio kwenye kofia kupokea maagizo, na redio hukatika saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15. Baada ya hapo anabaki peke yake na anachokiona. Vyuo vikubwa navyo vilianza redio hiyo 2024, kwa hiyo ukiwa na mechi za karibuni, chunguza kama huyo kijana wako ndiye mwenye nukta ya kijani kwenye kofia, alama ya mvaa redio.

Raundi ya tatu si tusi, mkuu. Warner alitoka huko. Zach Thomas alisubiri hadi namba 154 mwaka 1996, leo yuko kwenye Ukumbi wa Umaarufu. Kwa kijana wako, mimi ningeanza na miguu yake gadi anapochomoka, na kichwa chake kwenye danganya toto. Akifaulu yote mawili dhidi ya ukuta mkubwa, nitampandisha raundi ya pili bila kujali 40 yake. Akifaulu la kwanza tu, wachambuzi wamemweka panapomfaa. Weka hapa mechi tatu unazozitaka, nami nitazipitia na kukuandikia dakika za kusimamisha picha.