Nilimhamisha Binti Yangu kwa Kosa Lisilokuwa la Shule

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia ujumbe ambao umeninyima usingizi. Mwanawe yuko darasa la tatu, alama zake zimeshuka mihula miwili mfululizo, kila asubuhi anakwenda shule akilia, na tayari mama huyo amechukua fomu za shule nyingine, inayofundisha kwa lugha tofauti na ile aliyoizoea mtoto. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, nimhamishe au nimwache?" Nilimjibu kwa mistari miwili ya kumtuliza, kisha nikaona nimemdhulumu, kwa kuwa swali hilo nimelijibu mara mbili ndani ya nyumba yangu, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, na anastahili kusikia yote mawili.

Binti yangu naye alikuwa darasa la tatu aliposhuka kutoka nafasi ya 5 hadi nafasi ya 31. Nilipoipokea ripoti ya muhula niliitazama namba hiyo, nikaikunja karatasi na kuitia mkobani. Kesho yake nilimkuta mwalimu wa darasa katika ofisi ya walimu, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hafundishi. Alitaka kunieleza jambo, nikamkatiza. Haikupita wiki mbili, katikati ya mwaka, nilikuwa nimekwisha kuchukua barua ya uhamisho. Shule mpya niliichagua kwa ziara ya saa moja: nilionyeshwa chumba cha kompyuta na orodha ya waliofaulu, nikaamkiwa na watoto waliosimama wima kwa pamoja, nikaridhika. Sikuingia katika darasa hata moja wakati somo likiendelea, wala sikumuuliza binti yangu lolote zaidi ya kumpima sare.

Muhula wa kwanza alishika nafasi ya tatu kutoka mwisho. Hilo lingevumilika, lakini mtoto aliyekuwa akinisimulia kila kilichotokea darasani alinyamaza kabisa. Rafiki aliyeketi naye tangu darasa la kwanza alibaki kule, na huku makundi ya urafiki yalikuwa yamekwisha kufungwa. Wifi yangu alinitamkia sebuleni, watu wakisikia, kwamba tatizo si shule, tatizo ni mimi. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma hadi leo kwa sababu nusu yake yalikuwa kweli.

Aliyetufumbua ni mwalimu wa hesabu wa shule mpya. Alinipigia simu akasema mtoto hanakili kutoka ubaoni. Humsubiri jirani yake aandike, kisha hunakili kutoka katika daftari la jirani, makosa na yote. Tulimpeleka kupimwa macho. Alikuwa haoni mbali. Hali hii mara nyingi huanza katika miaka ya shule ya msingi, na mtoto mwenyewe hajui kwamba haoni, kwa kuwa hajawahi kuona kwa macho ya mtu mwingine. Mwanzoni mwa darasa la tatu, kwa sababu alikuwa amerefuka, alihamishiwa dawati la nyuma, na hapo ndipo kuporomoka kulipoanzia. Miwani ilifanya katika mihula miwili kile ambacho kubadilisha shule hakukuweza kukifanya.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nikipanga makaratasi, nikaikuta ile ripoti ya zamani. Chini kabisa, mahali pa maoni ya mwalimu wa darasa, palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino: "Ana bidii, lakini ananakili kwa jirani. Naomba mzazi tuonane kuhusu macho yake." Niliketi sakafuni nikaisoma mara nyingi. Hilo ndilo jambo ambalo mwalimu alitaka kunieleza siku niliyomkatiza.

Mzazi mwenzangu, kabla hujaishika fomu yoyote, soma ripoti ya mtoto wako hadi mstari wa mwisho, na ukaonane na mwalimu ukiwa umekwenda kusikiliza. Jiulize kama kinachomsumbua mtoto kimo ndani ya shule au kimo ndani ya mtoto na nyumba yake, kwa sababu macho, masikio, usingizi mchache, ugumu wa kusoma na ugomvi wa wazazi vyote huhama pamoja naye. Mwaka 2009 mtafiti wa elimu John Hattie wa New Zealand aliunganisha matokeo ya chambuzi zaidi ya 800, kila moja ikiwa imekusanya tafiti nyingi, na kuhama shule kulikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyoonekana kumrudisha mwanafunzi nyuma. Ni kweli kwamba wengi huhama kwa sababu ya misukosuko mingine, kama vile wazazi kuachana au kupoteza kazi, na si rahisi kutenganisha madhara ya hayo na ya kuhama kwenyewe. Hata hivyo mtoto anayehama hupoteza kitu, na mzazi lazima awe na hakika kwamba anachokwenda kukipata ni kikubwa kuliko hicho.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya mdogo wake, na safari hii niliuliza kwanza. Wavulana watatu wa madarasa ya juu walikuwa wakimvizia chooni. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyetumia miaka mingi kulichunguza jambo hili huko Norway, alitaja alama tatu za uonevu: unakusudia kudhuru, unajirudia, na anayeonewa hana nguvu sawa na wanaomwonea. Zote tatu zilikuwepo. Niliandika katika daftari tarehe na mambo yaliyotokea, nikaonana na mwalimu wa darasa, kisha na mwalimu mkuu, nikawapa muda hadi mwisho wa muhula. Nilijibiwa kwamba watoto ni watoto. Mwisho wa muhula mwanangu alikuwa akijizuia kunywa maji kutwa nzima ili asiende chooni, na hapo sikusita tena.

Nasema kwa fahari kwamba uhamisho ule niliufanya inavyopasa. Nilisubiri mwaka wa masomo uishe, ili aanze pamoja na wenzake. Nilikwenda katika shule mbili, na katika kila moja niliomba kuketi nyuma ya darasa somo zima. Shule moja ilikataa, nikaiacha hapo hapo. Niliuliza mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, walimu hukaa miaka mingapi kabla ya kuondoka, mtoto asiyeelewa somo husaidiwa na nani na saa ngapi, na nani huwa karibu na vyoo wakati wa mapumziko. Chumba cha kompyuta sikukiulizia. Nilimpeleka mwanangu atazame, nikamuuliza anaonaje, kwa sababu kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na upevu wake. Uamuzi ulibaki wangu. Watu walisema ninahamahama na watoto, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami sikuwajibu.

Kuhusu lugha, ambalo ndilo lililonishtua zaidi katika ujumbe wa yule mama, naomba tusidanganyike. Mtoto hujifunza upesi kucheza na kuzungumza kwa lugha mpya, pengine ndani ya miaka 2, na wazazi tunaposikia anavyoitamka tunadhani kazi imekwisha. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada wa namna watoto wanavyojifunza lugha ya pili, alionyesha kwamba lugha ya vitabu na mitihani huhitaji kwa kawaida miaka 5 hadi 7 ili mtoto awafikie wenzake. Mtoto aliyeanza kuyumba darasa la tatu, ukimbadilishia lugha ya kufundishia kabla hujajua kinachomyumbisha, umemwongezea mzigo wa pili juu ya wa kwanza, na mwalimu mpya hataweza kutambua upi ni upi.

Kwa hiyo nimemwandikia upya, safari hii kwa kirefu. Nimemwomba aziweke kando zile fomu kwa muda, ampeleke mtoto kupimwa macho na masikio, amuulize kwa upole anachokiogopa njiani na wakati wa mapumziko, kisha akaonane na mwalimu wa darasa akiwa na ripoti mkononi. Ikiwa baada ya hayo shule itakataa kusikia, amhamishe bila kujali maneno ya watu, mwaka ukiisha, au hata kesho ikiwa mtoto anaumizwa.

Mimi nami nilikuwa na deni. Mwaka jana nilirudi katika shule ile ya kwanza, nikamtafuta yule mwalimu katika ofisi ile ile, nikamwomba radhi mbele ya wenzake kama nilivyomtukana mbele yao. Alinisikiliza hadi mwisho, akanivutia kiti, kisha akauliza kama binti yangu sasa anaona vizuri.