Mayai yako usiyatie kwenye chokaa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma usiku, nikiwa nimeshafunga banda. Unasema matetea wako 9 hapo Dodoma wanataga mfululizo tangu mvua zianze, trei mbili zimejaa chini ya meza, na jirani amekushauri uyatumbukize kwenye ndoo ya maji ya chokaa yakae hadi kiangazi. Unauliza kama chokaa ya kupaka ukuta inafaa.

Haifai, mama. Njia yenyewe ipo. Huko Ulaya na Marekani, kabla ya friji, watu waliweka mayai kwenye maji ya chokaa miezi mingi, kwa kuwa chokaa huziba vitundu vya ganda. Ila hiyo ya duka la vifaa vya ujenzi haikutengenezwa iingie tumboni, na hujui imechanganywa na nini. Tena yai moja lenye ufa likiingia humo, ndoo nzima imeharibika. Na maji yale yanaunguza macho, nawe una watoto wadogo wanaochungulia kila chombo. Mimi ndoo hiyo nisingeiweka nyumbani.

Tuanzie kiotani, maana huko ndiko mayai mengi yanakoharibikia. Siku moja simama hapo tetea anapotaga. Yai likidondoka utaliona linang'aa kwa majimaji, kisha linakauka ukiwa bado umelishika. Kilichokauka ni utando, nao ndio unaozuia uchafu na vijidudu kupenya ndani. Ukiliosha, utando umeondoka. Mwaka aliozaliwa mdogo wako niliosha trei mbili kwa sabuni ili yapendeze sokoni. Siku ile hayakununuliwa, na kabla ya wiki mbili kuisha nusu yalikuwa viza. Zilikuwa hela za madaftari yenu, na hadi leo nikikumbuka inaniuma.

Kwa hiyo usioshe. Badilisha nyasi kavu za kiota kila wiki, okota mayai asubuhi na alasiri, na lenye kinyesi kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana lipike siku hiyohiyo. Tarehe andika kwa penseli kwenye ganda, wala usijiaminishe kwamba utakumbuka.

Halafu kuna jogoo. Hili ndilo watu wengi hawalifikirii. Yai lenye mbegu, joto likipita kama nyuzijoto 21, linaanza kuumba kifaranga hata kama hakuna kuku aliyelilalia, na wewe unajua joto la Dodoma mchana lilivyo. Mwache jogoo na matetea wawili wa kukuzalishia, hao 7 watenge. Subiri kama wiki 3 hivi, maana mbegu yake hukaa ndani ya tetea siku nyingi baada ya kuachana naye. Baada ya hapo mayai ya hao 7 yatakuwa ya kula tu, nayo yanavumilia zaidi.

Hayo ya kula yapake mafuta ya alizeti. Nitakutumia chupa kwa basi, tumekamua juzi. Weka tone kiganjani, lizungushe yai mpaka lote ling'ae kidogo bila kuchuruzika, na ufanye hivyo ndani ya siku moja tangu litagwe. Lipange kwenye trei, ncha iliyochongoka ikiwa chini, kwa kuwa kifuko cha hewa kiko upande ule butu. Yakikaa mahali penye ubaridi utakula wiki 3 hadi 4. Usivuke mwezi, mafuta ya kula nayo huchacha.

Ubaridi utaupata kwenye vyungu. Chukua chungu kikubwa kisichopakwa rangi, tia mchanga chini, weka chungu kidogo ndani yake, kisha jaza mchanga katikati yao. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, na funika kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Kiweke kivulini kwenye upepo. Mayai yakae makavu ndani ya chungu kidogo, maji yasiyaguse. Hapo kwenu hewa ni kavu, maji hukauka upesi na kuondoka na joto. Dada yako huko Tanga alijaribu akaona hakuna tofauti kubwa, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu mwingi.

Kabla ya kupika, tumbukiza yai kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni jipya. Likisimama limekaa, lichemshe mpaka kiini kigande, hasa kwa watoto. Likielea litupe. Na kila yai livunje kwenye kikombe kwanza kabla ya kulitia kikaangoni.

Wale matetea wawili wenye jogoo, akitaka kuatamia mmoja wao usimfukuze. Mpe mayai 10 au 12 yasiyozidi wiki moja, yasiyopakwa mafuta, maana la mafuta halitotoi. Siku ya 21 utasikia milio. Lakini kwanza hakikisha kuku wote wamepata chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, na irudiwe kila miezi 3. Mdondo ukiingia bandani, habari ya kuhifadhi mayai imekwisha.

Maganda yakaange yakauke, yasage, warudishie kuku kwenye pumba. Mbolea yao usiitie mbichi kwenye mchicha, itauunguza. Irundike kwanza, ioze.

Ukija Pasaka niletee trei tupu, hizi zangu zimeliwa na mchwa. Mlenda mkavu nimeshakuwekea.

Mama yako,
Singida