Soko lilifungwa 1873, mashamba je?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mtembeza wageni pale Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, alituambia utumwa Zanzibar ulikwisha 1873. Kwetu Pemba wazee husema watu walitumikishwa kwenye karafuu miaka mingi baadaye. Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Wazee wenu ndio wenye haki. Mkataba alioutia saini Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, Juni 1873, huku Waingereza wakimtishia kuizingira bandari kwa manowari, ulifunga masoko na kukataza watumwa kusafirishwa baharini. Aliyekwisha kufika shambani haukumgusa.

Tena Pemba ndiko hamu ya watumwa ilikozidi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, bei ikapanda, na Pemba mikarafuu ilikuwa bado imesimama. Karafuu nayo haina subira: tumba likishachanua, thamani imekwenda. Sharti ichumwe kwa mkono, ichambuliwe vikonyo, ianikwe juani majamvini, na mti ule ule urudiwe msimu huo huo. Ukipita uchumaji kuna palizi. Mwenye shamba alitaka watu walio karibu mwaka mzima bila ujira, basi majahazi yakaendelea kuwavusha kwa siri. Kapteni Brownrigg wa jeshi la majini la Uingereza aliuawa karibu na Pemba 1881 akitaka kukagua jahazi la namna hiyo.

Hali yenyewe ya utumwa ilikuja kuguswa na amri ya Sultani Seyyid Hamoud ya Aprili 1897, nayo ukiisoma utaona ilivyombana mtumwa. Hakuna aliyeamka huru. Ilimlazimu aende mwenyewe mahakamani kudai. Akishapewa, aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Na akikaa kwenye ardhi ya mtu alipe kodi, ambayo iliruhusiwa kulipwa kwa kazi. Maana yake wengi walibaki kupalilia mikarafuu ile ile. Fidia, usishangae, alipewa bwana. Masuria waliachwa nje mpaka amri ya 1909.

Wapinga utumwa wa Uingereza walilalamikia mwendo huu wa kobe, lakini serikali yao iliutazama kwanza ushuru wa karafuu. Waquaker, Wakristo wa dhehebu lililopinga utumwa, hawakuishia kulalamika: walinunua shamba Banani, huko huko Pemba, wakaajiri walioachwa huru kwa ujira.

Kama unafuatilia ukoo wenu, nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, Unguja, uulizie kumbukumbu za walioomba uhuru Pemba baada ya 1897.