Ifute hiyo toba ya Ijumaa

Umeuliza mengi, sheria za darasa, wanaochelewa, kazi za nyumbani, lakini mimi nimekwama hapo uliposema unataka kuwasimamisha wale wasumbufu watatu kila Ijumaa, wakiri mbele ya wenzao, kisha waombewe. Mwalimu, ifute kabla haijaanza. Nimeifanya, na najua inaishia wapi.

Aliyenifundisha ni mtoa semina mmoja wa walimu wa Kikristo. Alishika Mithali 13:24, ile ya asiyetumia fimbo humchukia mwanawe, akatuambia kosa la hadharani litubiwe hadharani, mtoto akiaibika moyo unapondeka. Hakusema amewahi kufundisha darasa lipi, na hakuna aliyemuuliza. Mpaka leo nikimkumbuka nachemka. Alikwenda zake, sisi tukabaki na watoto.

Kijana niliyemsimamisha alikuwa mpiga kelele, lakini pia ndiye aliyeuliza maswali ya maana kuliko wote kipindi cha Biblia. Akakiri, nikamwekea mkono kichwani, nikaomba kwa sauti. Darasa likatulia tuli, nikadhani Roho ametenda kazi. Ilikuwa hofu. Hakuniuliza swali tena. Nilipokuja kumfuata faraghani akasema Mungu yuko upande wa mwalimu, sasa yeye amwambie nani? Wenzake nao wakashika mchezo haraka: wakikamatwa, machozi tayari, aya tayari, na kosa linarudiwa wiki ileile. Nilikuwa nafundisha unafiki kwa jina la Yesu!

Na dawa ilikuwa kwenye Biblia hiyohiyo. Soma Mathayo 18:15: ndugu akikosa, mwonye wewe na yeye peke yenu. Hiyo ni hatua ya kwanza. Mashahidi huja akikataa kusikia, kanisa baada ya hapo. Yule bwana wa semina alianzia mwisho. Hata Don Bosco, padri wa Turin, Italia, aliyelea vijana waliotupwa mitaani, aliandika mwaka 1877 kwamba, isipokuwa kwa nadra sana, mtoto asionywe wala kuadhibiwa mbele ya wenzake.

Kwa hiyo darasani sema neno moja tu, “Kaa, tutaongea baadaye,” uendelee na somo. Baadaye keti naye mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Mwache aeleze kilichotokea kabla hujamwambia alichokosea. Alichoharibu akitengeneze, na kama alimtukana mtu, amfuate mwenyewe. Yesu aliingia kwanza nyumbani kwa Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru. Habari ya kurudisha mara nne alichodhulumu, Zakayo aliitoa mwenyewe. Ukitaka kuomba naye, mwombe ruhusa, na akikataa usinune, kamwombee nyumbani kwako.

Hao watatu usiwasubirishe mpaka Ijumaa. Waite kesho, mmoja mmoja, uanze na yule unayemwona mbaya zaidi.